Kwa nini ps iliwahi kudanganya: historia fupi ya daftari la anwani za kiini

Fungua terminali kwenye kompyuta yenye Linux, andika herufi mbili tu, ps, halafu bonyeza Enter. Kabla hujapepesa jicho, orodha imeshatoka: michakato inayoendelea, namba ya kila mmoja, na muda wa prosesa uliotumia. Hapa maabara tunaitumia kila siku, na ni wachache wetu wanaouliza swali la kitoto kabisa: ps imejuaje?

Swali hilo si dogo kama linavyoonekana. ps ni programu ya kawaida tu, haina cheo chochote. Habari za michakato ziko mikononi mwa kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ile programu kuu inayogawia programu nyingine zote kumbukumbu, diski na muda wa prosesa. Kiini kina sehemu yake ya kumbukumbu, na programu za kawaida haziruhusiwi kuingia humo. Sasa ps inapata wapi habari za ndani?

Jibu limebadilika mara kadhaa tangu miaka ya 1970. Katikati ya safari hiyo kuna amri ndogo ambayo leo karibu imesahaulika, jina lake psupdate. Kazi yake ilikuwa moja: kuhuisha daftari la anwani za kiini ili ps isiseme uongo. Nataka nikusimulie habari zake kwa sababu tatizo lililoizaa halijafa. Mimi mwenyewe lilinikamata mwaka jana.

Siku mbili na kurasa nne

Nilikuwa napima kwa nini programu moja ya utafiti wetu inakwamakwama kwenye seva ya maabara. Skripti yangu ilikuwa inakusanya anwani za mahali kiini kilipokuwa kinafanya kazi, halafu inazitafutia majina kwenye faili ya System.map. Faili hiyo ni orodha ya majina na anwani za kiini, na mimi nilikuwa na nakala yake kwenye folda yangu. Matokeo yakaja mazuri, majina yanasomeka. Nikachora grafu, nikaandika kurasa nne za sura ya matokeo. Siku mbili za kazi.

Msimamizi wangu akasoma, akauliza swali moja tu: "Kwani hii seva ina kadi ya sauti?"

Haina. Lakini grafu yangu ilikuwa inasema sehemu kubwa ya muda inaishia kwenye msimbo wa kadi ya sauti.

Kumbe wiki mbili kabla mwenzangu alikuwa amekompaili kiini upya. Toleo lilikuwa lilelile, ila alibadilisha vipengele vichache. Anwani zikahama, nakala yangu ikabaki ya zamani. Hakukuwa na ujumbe wa hitilafu, wala programu haikuanguka. Kila anwani ilipata jina, ila halikuwa jina lake.

Hapo ndipo ubaya wa daftari la zamani ulipo. Linakujibu vizuri tu, na jibu lenyewe si sahihi.

Jina na anwani

Ngoja kwanza tuelewane kuhusu neno "alama". Mtu anayeandika msimbo wa kiini hutumia majina. Jedwali la michakato, kwa mfano, anaweza kuliita proc. Prosesa yenyewe haijui majina, inajua namba tu, yaani anwani za kumbukumbu. Kiini kinapokompailiwa, kila jina linapewa anwani yake, na orodha ya majina na anwani hizo ndiyo inayoitwa jedwali la alama. Ukiongeza mistari kumi ya msimbo mahali fulani, vitu vilivyo mbele yake vinaweza kusogea vyote.

Fikiria soko kubwa lenye vizimba mia nne. Kwenye daftari lako umeandika: mchele mzuri, kizimba namba 212. Soko likafanyiwa ukarabati, vizimba vikapangwa upya. Ukirudi na daftari lilelile hutakuta ukuta pale 212. Utakuta kizimba, na ndani yake muuzaji, ila anauza dagaa. Wewe utashtuka. Lakini ukimtuma mtu asiyejua mchele unafananaje, atafungiwa mzigo, atalipa, na atakuletea dagaa akiamini ni mchele.

ps ya zamani ilikuwa kama huyo uliyemtuma. Ikipewa anwani, inakwenda, inachukua baiti zilizoko pale, na kuzitangaza kuwa ndizo michakato.

Kuchungulia kumbukumbu

Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, kwa mikono ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ps ilikuwa tayari ipo, na njia yake ilikuwa ya kijanja. Unix ilikuwa na faili maalumu, /dev/mem na /dev/kmem. Zinaonekana kama faili nyingine, lakini ukizisoma unasoma kumbukumbu yenyewe ya mashine, pamoja na ile ya kiini.

Kwa hiyo ps ilifanya mambo mawili. Kwanza ilifungua faili ya kiini kwenye diski, ikasoma jedwali la alama na kuuliza: proc iko anwani gani? Halafu ikafungua kumbukumbu, ikaruka mpaka anwani ile, na kusoma kilichopo. Kiini chenyewe hakikuhitaji msimbo wa ziada wa kujibu maswali ya ps. Kwenye PDP-11, mashine ambayo kumbukumbu yake ilihesabiwa kwa kilobaiti, hiyo haikuwa faida ndogo.

Lakini ujanja huo uliacha madeni matatu.

Deni la kwanza ni usalama. Anayeweza kusoma kumbukumbu yote ya mashine anaweza kusoma chochote kilichomo, hata nywila anayoandika mwenzake wakati huo. Hivyo mtumiaji wa kawaida hakupewa ruhusa hiyo. Aliyepewa ni ps, iliyoendeshwa kwa madaraka makubwa kuliko ya mtu aliyeiita. Kosa lolote ndani ya ps likageuka kuwa mlango wa wezi.

Deni la pili ni umbo. Kujua jedwali liko wapi hakutoshi. Lazima ujue pia ndani ya kila rekodi namba ya mchakato iko baiti ya ngapi, na mwenye mchakato baiti ya ngapi. ps ilikompailiwa ikiwa na ujuzi huo ndani yake. Umbo la rekodi likibadilika, ps nayo ikompailiwe upya.

Deni la tatu ni muda. Kulipitia jedwali la alama lote kila mtu anapoandika ps ni kazi, na kazi hiyo iliongezeka kadiri kiini kilivyonenepa.

Berkeley wanaandika daftari

Deni hilo la tatu ndilo lililowasumbua watu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliotengeneza Unix ya BSD kwa ajili ya mashine za VAX. Faili yao ya kiini, vmunix, ilikuwa na alama nyingi sana. Na hebu fikiria, mtu huita ps wakati gani? Mara nyingi ni pale mashine inapokuwa nzito na anataka kujua nani anaila. Yaani chombo cha kutafuta chanzo cha uzito kilikuwa chenyewe kizito.

Suluhisho la BSD lilikuwa rahisi: fanya kazi ngumu mara moja, andika majibu pembeni. ps ikapewa hifadhidata yake binafsi, faili ndogo iliyoitwa psdatabase, yenye anwani inazozihitaji. Ikaongezwa herufi moja ya chaguo, U, ya kuiambia ps ihuishe daftari hilo. Mwongozo ulimshauri msimamizi wa mashine aiweke amri hiyo kwenye /etc/rc, skripti inayoendeshwa kila mashine inapowashwa, ili kiini kipya kikiingia daftari nalo liandikwe upya.

Baadaye, 4.4BSD ya mwaka 1993 ikaja na amri inayojitegemea, kvm_mkdb. Hii iliandaa hifadhidata ya alama kwa ajili ya zana zote zinazochungulia kiini, si ps peke yake. Na ilikuwa na jambo moja ambalo mimi nililikosa kabisa kwenye skripti yangu. Ndani ya hifadhidata iliandika pia maneno ya utambulisho wa kiini: toleo lake na lini kilikompailiwa. Kabla ya kuliamini daftari, maktaba inayolisoma ililinganisha maneno hayo na yale ya kiini kinachoendesha mashine muda huo. Yakitofautiana, daftari linawekwa kando na jedwali halisi linasomwa upya, hata kama ni polepole.

Ni kama kuandika kwenye jalada: "Vizimba hivi ni vya soko la kabla ya ukarabati." Daftari halijawa jipya kwa sababu ya maneno hayo, lakini sasa linaweza kukukatalia.

Linux na psupdate

Tarehe 25 Agosti 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi huko Helsinki, aliutangazia ulimwengu kiini alichokuwa anakiandika. Jedwali lake la michakato liliitwa task, na katika toleo la kwanza lilikuwa na nafasi 64 tu. Watu wakaanza kukitumia, na mara wakataka ps.

ps ya kwanza ya Linux iliandikwa na Branko Lankester, na ilifuata njia ya zamani ya kuchungulia kumbukumbu. Hapo ndipo psupdate inapoingia. Kazi yake ni ileile ya chaguo U la BSD: soma alama za kiini, andika psdatabase.

Linux ilikuwa na kikwazo chake, lakini. Kiini kinachowashwa kwenye mashine huwa kimebanwa ili kipungue ukubwa, na kwenye faili iliyobanwa huwezi kusoma jedwali la alama. Kwa hiyo psupdate ilisoma vmlinux, faili isiyobanwa inayobaki kwenye folda ya msimbo baada ya kukompaili. Maana yake, daftari halikutoka kwenye kiini kinachokimbia. Lilitoka kwenye faili nyingine ambayo unaamini tu kuwa ndiyo iliyozaa kile kinachokimbia. Umeona ufa unapoanzia?

Na miaka ile watumiaji wa Linux walikuwa wanakompaili kiini wenyewe nyumbani, matoleo yakifuatana harakaharaka. Unashusha toleo jipya, unakompaili, unawasha upya, unasahau psupdate. Ukiita ps, ukiwa na bahati inakataa kufanya kazi. Usipokuwa na bahati, inakupa takataka.

Kwa nini tusikiulize kiini chenyewe?

Wakati huo wazo jingine lilikuwa limeshazaliwa kulekule Bell. Mwaka 1984 Tom Killian alieleza mfumo ambamo kila mchakato unaonekana kama faili ndani ya folda moja, /proc. Faili hizo hazipo kwenye diski. Ukizifungua, kiini chenyewe kinakujibu papo hapo. Killian alilenga hasa kazi ya kutafuta hitilafu kwenye programu, lakini wazo lilikuwa kubwa kuliko lengo lake.

Linux ilipata /proc yake mwaka 1992, na ikaipeleka mbali zaidi: kila mchakato folda yake yenye namba, na ndani yake maandishi ya kawaida ambayo hata binadamu anayasoma. Michael K. Johnson akaiandika upya ps ya Lankester ili isome humo. Kifurushi kilichotokana na kazi hiyo kiliitwa procps, na jina hilo bado liko kwenye mashine yako leo.

Madeni matatu yakalipwa karibu yote kwa pamoja. ps haikuhitaji tena madaraka ya pekee, kwa sababu kiini ndicho kinachoamua kionyeshe nini. Haikuhitaji kujua umbo la rekodi, maana kiini kinaandika maandishi. Wala haikuhitaji daftari la anwani. Gharama ilikuwepo: kufungua faili kadhaa kwa kila mchakato na kuchambua maandishi si kazi nyepesi kama kunyofoa baiti. Watu walikubali kulipa, kwa sababu jibu lilitoka kwa mwenyewe.

Ungedhani psupdate ilikufa siku hiyo. Hapana, ilibakiwa na kazi moja.

ps ina safu inaitwa WCHAN, inayoonyesha mchakato uliolala unasubiri wapi ndani ya kiini. Kwa mtu anayechunguza programu iliyokwama, safu hiyo ni dhahabu. Lakini /proc ya zamani ilitoa anwani tupu, namba ndefu isiyo na jina, na kupata jina kulihitaji jedwali la alama. Kwa hiyo psdatabase ikaendelea kuishi kwa ajili ya safu moja.

Baadaye procps ikaanza kusoma System.map moja kwa moja, na hapo ikajifunza somo la kvm_mkdb. Kiini cha Linux kiliwekewa alama ya ajabu kidogo, neno Version likifuatwa na namba. Kwa toleo 2.4.0 namba hiyo ni 132096, yaani 2 mara 65536 ukijumlisha 4 mara 256. ps iliisoma kwenye faili, ikailinganisha na toleo la kiini kilichowashwa, na zikitofautiana ikakuonya kuwa ramani hii si ya hapa.

Sasa niambie, onyo hilo lingeniokoa mimi? Lisingeniokoa. Mwenzangu alikompaili toleo lilelile, kwa hiyo namba ingekuwa ileile. Namba ya toleo inakwambia soko ni lipi. Haikwambii kama vizimba vimepangwa upya tangu ulipopita mara ya mwisho.

Anwani zinazohama kila ukiwasha

Mwishowe kiini kikaanza kubeba jedwali lake la alama chenyewe na kulitoa kupitia /proc/kallsyms, na kila mchakato ukapata faili ya wchan yenye jina badala ya namba. Daftari la pembeni likakosa kazi.

Halafu usalama ukapigilia msumari wa mwisho. Mshambuliaji anayejua anwani za ndani ya kiini ana nusu ya ramani ya kuvunjia. Mwaka 2011 Linux ikaweka kidhibiti cha kuwaficha watumiaji wa kawaida anwani hizo. Mwaka 2014 ukaingia utaratibu wa kukipakia kiini mahali tofauti kwenye kumbukumbu kila mashine inapowashwa, bila mpangilio, na mwaka 2017 ukawa wa kawaida kwa prosesa za x86. Yaani soko linapangwa upya kila asubuhi. Daftari la jana, hata kama kiini hakijaguswa, halifai leo. (Seva yetu ilikuwa imezimiwa utaratibu huo kwa ajili ya vipimo, ndiyo maana nakala yangu ilifanya kazi muda mrefu kiasi cha kunizoeza kuiamini.)

Mwaka 2021, kwa toleo la 5.13, Linux ikaondoa kabisa /dev/kmem, lile dirisha ambalo ps ya kwanza ya Linux ilichungulia.

Na deni la umbo je? Kwa ps lilikwisha, lakini zana za kisasa zinazopandikiza programu ndogo ndani ya kiini ili kuchunguza michakato zililikuta palepale: rekodi hii ina nini, na baiti ya ngapi? Kwa muda mrefu zilibeba faili za vichwa vya msimbo au zilikompailiwa kwa kila kiini. Tangu mwaka 2019 kiini kinaweza kutoa maelezo ya maumbo yake chenyewe, kwenye /sys/kernel/btf/vmlinux, na zana zikajirekebisha kufuatana nayo. Historia ya ps ilijirudia hatua kwa hatua: kuchungulia, daftari la pembeni, kisha kumuuliza mwenyewe.

Jaribu mwenyewe

Ukiwa na Linux karibu, andika head /proc/kallsyms kama mtumiaji wa kawaida. Kwenye mifumo mingi utaona majina halisi, na mbele yake anwani ni sifuri tupu. Kiini kinakujibu, ila kinachagua cha kukwambia. Halafu andika uname -v. Hapo utaona kiini chako kilikompailiwa mara ya ngapi na, kwa kawaida, lini. Ni utambulisho wa aina ileile ambao kvm_mkdb iliuandika ndani ya hifadhidata yake mwaka 1993.

Mimi zile kurasa nne nilizifuta. Skripti yangu sasa inasoma kallsyms muda uleule wa kupima, kwa ruhusa ya msimamizi wa seva, na mstari wa kwanza wa kila faili ya matokeo ni jibu la uname -a. Mstari huo ukitofautiana na wa seva, skripti inagoma kuchora grafu. Imeshagoma mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa sahihi.